Tambi za karanga za Kithai: kwa nini rojo lako liligeuka bonge

*Swali la msomaji wa Morogoro:* "Shikamoo shangazi. Natoka kazini saa kumi na mbili jioni na nina watoto wawili wanaopenda tambi kuliko chakula kingine. Niliona video ya tambi za karanga za Kithai zikipikwa kwa dakika kumi na tano, nikajaribu. Nilichanganya pinati bata na soya sosi kwenye sufuria, nikabandika ichemke. Ikawa bonge kama ugali, mafuta yakaelea juu, chumvi ikazidi, na tambi zenyewe zikagandana. Nilipouliza nikaambiwa bila sosi ya samaki, sukari ya mnazi, mafuta ya ufuta na ndimu za Kithai nisijisumbue. Ni kweli? Na kosa langu lilikuwa wapi?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuingia jikoni na kitu kipya baada ya siku nzima ya kazi. Kosa lako nalijua vizuri kwa sababu nimelifanya. Nilikuwa mgeni kwenye jiko la hoteli moja ya pwani, siku hiyo tuna wageni arobaini. Rojo langu la karanga lilikuwa zuri kwenye bakuli, nikaona limepoa, nikalirudisha jikoni lipate moto kidogo. Niligeuka kuchuja tambi tu. Niliporudi mafuta yalikuwa yamejitenga pembeni mwa sufuria na katikati pamebaki kitu kama udongo wa mfinyanzi. Wageni walisubiri nusu saa nzima.

Kwa hiyo nikuambie mapema: sosi ya samaki haina kesi hapa. Uliweka moto mahali palipotaka maji.

Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na kama robo ni protini. Ukizisaga unapata chembe ndogo sana zinazoogelea ndani ya mafuta yao wenyewe. Chembe hizo ni kavu na zina kiu. Ukizitilia majimaji kidogo, na soya ni maji yenye chumvi, zinayanywa papo hapo na kushikana, kama unga uliomwagiwa maji yasiyotosha. Wengi wakiona hivyo wanaogopa, wanaacha kuongeza maji, wanawasha moto wakitumaini kwamba joto litalainisha. Moto unafanya kinyume. Unakausha yale maji machache yaliyopo, na mafuta yanajitenga. Ndiyo yale uliyoyaona yakielea.

Fanya jaribio hili leo usiku hata kama hupiki, uone kwa macho yako. Weka kijiko kimoja cha chakula cha pinati bata kwenye kikombe. Chemsha maji, tia kijiko kimoja cha chai, koroga kwa uma. Itakuwa nzito kuliko ilivyokuwa na uma utaburuta. Tia kijiko cha pili: sasa itavunjika madonge, na hapa ndipo uliposimama siku ile. Usisimame. Tia cha tatu ukikoroga kwa nguvu, kisha cha nne. Ghafla madonge yanaachia. Rangi inapauka kutoka kahawia ya karanga mpaka rangi ya chai ya maziwa, uso unang'aa, na rojo linateleza pembeni mwa kikombe. Mafuta na maji yamekubali kukaa pamoja. Maji ya moto yanaharakisha kazi hiyo kwa sababu yanalegeza mafuta, lakini kikombe hakijagusa jiko hata mara moja.

Hiyo ndiyo siri ya chakula hiki chote. Mengine ni ladha, na ladha nitakueleza kwa kirefu, maana huko ndiko walikokutisha.

Kwanza ujue unachopika. Ukienda Bangkok ukaagiza tambi zilizopakwa rojo zito la karanga kama ulivyoona kwenye video, wengi watakushangaa. Rojo la karanga wanalo, lakini kazi yake kubwa ni kuchovea sate, ile mishikaki midogo ambayo asili yake ni Java na nchi za Wamalei. Kwenye tambi, karanga mara nyingi huja zimepondwa na kunyunyizwa juu. Ndivyo zilivyo kwenye pad thai, chakula kilichovuma zama za Plaek Phibunsongkhram, waziri mkuu ambaye serikali yake ilibadili jina la Siam kuwa Thailandi mwaka 1939 na kuwahimiza watu wale tambi. Tambi zenyewe zililetwa na Wachina. Ulichokiona kwenye video ni ndoa ya vitu viwili hivyo, rojo la sate na tambi, na imefungwa zaidi nje ya Thailandi, kwenye majiko ya watu wanaotoka kazini wamechoka kama wewe. Nakueleza haya usipikie hofu. Hakuna bibi wa Kithai atakayesema umeharibu urithi wake. Kinachopaswa kuwa cha Kithai kweli ni mizani ya ladha nne: chachu, utamu, chumvi na ukali. Ukiipata mizani hiyo, umepika. Ukiikosa, hata chupa tatu za kutoka Bangkok hazitakusaidia.

Na mizani hiyo iko Soko Kuu la Chifu Kingalu, hapo hapo kwako.

Anza na ndimu. Hizo "ndimu za Kithai" walizokutajia wao wanaziita manao, nazo ni ndimu hizi hizi zetu, ndogo, za mviringo, ganda jembamba. Ni tunda moja. Kitu cha kuepuka ni limau kubwa lenye ganda nene: chachu yake ni butu na harufu yake ni nyingine. Ukiwa na ndimu, tatizo limekwisha.

Lakini mimi kwenye rojo la karanga naanza na ukwaju, na ndimu naimaliza nayo mezani. Wathai nao rojo la sate wanalichachusha kwa ukwaju. Jina la kitaalamu la mti huu linasema "ya Kihindi", na Waarabu waliuita tende ya Kihindi, lakini mkwaju asili yake ni Afrika. Ulivuka bahari zamani sana, ukafika Asia na kuzoeleka huko kama mwenyeji. Chachu yake ina kina ambacho ndimu haina. Ina utamu kidogo ndani yake, ina rangi, na haikimbii ikikutana na joto. Karanga ni nzito mdomoni na mafuta yake yanafunika ulimi. Ukwaju unakata mafuta hayo taratibu bila kupiga kelele. Chukua bonge lenye ukubwa wa yai dogo, loweka kwenye nusu kikombe cha maji ya moto kwa dakika kumi, vuruga kwa vidole mpaka nyama yote iachane na kokwe, chuja. Unataka maji mazito, mazito kuliko juisi ya ukwaju unayowapa watoto. Ukitengeneza Jumapili yanakaa kwenye friji wiki nzima.

Utamu: sukari ya mnazi au ya mvumo wanayotumia wao ina harufu ya karameli. Tuna sukari guru. Ikwangue kwa kisu, itayeyuka kwenye maji ya moto. Sukari nyeupe ni ya dharura. Inatia utamu mtupu. Ila angalia kopo lako la pinati bata kwanza. Nyingi za dukani zimeshatiwa sukari na chumvi, na ukizipimia kama zile za karanga tupu utaishia na kitu kama pipi.

Chumvi ndipo ulipoumia. Kijiko kimoja cha chakula cha soya kina chumvi inayokaribia nusu kijiko cha chai. Ukaimimina, ukaichemsha, maji yakaondoka, chumvi ikabaki. Tambi na mboga zote kwa ajili yenu watatu zinataka vijiko viwili vya soya, basi, na kama pinati bata ina chumvi anza na kimoja na nusu. Sosi ya samaki ni dagaa wa baharini waliolazwa na chumvi kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka na zaidi, mpaka watoe maji yao. Ni tamu kwa maana ya kunogesha, na ukiipata siku moja nunua chupa ndogo, itakaa muda mrefu. Lakini ipo njia yetu. Pad thai yenyewe hutiwa uduvi wakavu. Waulize wanaouza dagaa wa pwani, nunua wachache, uwakaange kwenye kikaango kikavu dakika mbili mpaka wanukie, uwaponde wawe unga. Nusu kijiko cha chai cha unga huo ndani ya rojo, na hutakumbuka kwamba kuna chupa uliikosa. Nawapenda uduvi kwa kazi hii kiasi kwamba hata nikiwa na sosi ya samaki kabatini nawatia.

Ukali sina la kukufundisha. Pilipili wanayoipenda zaidi huko ni ndogo sana na kali sana, na jina lake la Kithai maana yake ni kinyesi cha panya, kwa umbo lake. Pilipili kichaa ni ndugu yake. Kwa watoto, usiitie ndani ya rojo. Kwenye meza za tambi za Thailandi utakuta vikopo vinne: sukari, pilipili ya kusaga, siki yenye vipande vya pilipili, na sosi ya samaki, na kila mlaji anarekebisha bakuli lake. Iga desturi hiyo. Weka mezani ndimu zilizokatwa, pilipili iliyoloweka kwenye siki, karanga za kuponda. Watoto watajisikia wakubwa na wewe utakula ukali wako kwa amani.

Mafuta ya ufuta yanayotajwa kwenye video ni yale ya ufuta uliokaangwa, meusi na yenye harufu kali, na hayo ni mazoea ya Wachina zaidi kuliko ya Wathai. Ufuta tunaulima sana, lakini mafuta yanayokamuliwa kwetu mara nyingi ni ya ufuta mbichi, mepesi, hayana harufu ile. Usiyanunue kwa ajili hii. Kaanga kijiko kimoja cha ufuta mpaka uanze kuruka, uponde nusunusu, nyunyiza juu.

Sasa twende jikoni, na saa yako iwe mezani.

Bandika maji mengi ya tambi kabla hujavua hata viatu. Yanayochelewesha chakula hiki ni maji kuchemka, na mengine yote unayafanya ukiyasubiri. Kwenye bakuli kubwa, lile ambalo tambi zote zitaingia, weka vijiko vitano vya chakula vya pinati bata, punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa, na tangawizi iliyokunwa kijiko kimoja cha chai. Yakichemka maji, chota vijiko sita vya chakula na utie kimoja kimoja ukikoroga kama ulivyofanya kwenye kikombe. Likishateleza, ndipo utie soya vijiko viwili, maji ya ukwaju viwili, sukari guru kimoja na nusu, na uduvi wako. Onja. Wakati huu linapaswa kuwa kali kidogo kuliko unavyotaka kula: chachu zaidi, chumvi zaidi. Tambi hazina ladha, zitalipunguza. Watu wengi huonja rojo peke yake, wakalipenda, wakalichanganya, wakashangaa limepoa mdomoni.

Lionekane pia jepesi kuliko unavyodhani inafaa. Inua kijiko: lianguke kama uzi, na alama yake juu ya rojo ipotee ukihesabu mbili. Likikaa kama kilima, ongeza maji. Tambi za moto zinakunywa, na zitaendelea kunywa mpaka zifike mezani.

Tambi gani? Zozote ulizonazo, na nasema hivyo kwa dhati. Spageti ya kawaida, nusu ya pakiti ya gramu 500, inafanya kazi nzuri sana hapa. Ichemshe kwenye maji yenye chumvi kidogo, uitoe dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Dakika ya mwisho tupia ndani ya maji hayo hayo kabichi iliyokatwa nyembamba kama ya kachumbari na karoti iliyokunwa. Kabla hujachuja, na hapa naomba unisikilize, chota kikombe kizima cha yale maji ya tambi uweke pembeni. Yana wanga, na wanga huo unashikilia mafuta ya karanga yasijitenge. Ni dawa bora kuliko maji matupu. Chuja tambi zako, usizisuuze, zimimine bakulini zikiwa zinatoa moshi, zigeuze kwa vijiko viwili kwa nusu dakika ukiongeza maji ya tambi kidogo kidogo mpaka kila uzi ung'ae. Joto la tambi linatosha kulipasha rojo. Jiko umeshalizima.

Ulisema tambi ziligandana. Ziligandana kwa sababu zilikusubiri. Tambi iliyochujwa ikakaa kwenye chujio dakika tano wakati unahangaika na rojo, wanga wa juu unakauka na kuwa gundi. Rojo ndilo linalosubiri tambi, na bakuli liwe tayari kabla ya chujio. Mafuta ya kula ndani ya maji ya kuchemshia hayasaidii kitu. Yanaelea tu juu na kumwagika na maji.

Ukipata tambi za mchele, zile bapa nyeupe ambazo maduka makubwa ya Dar huwa nazo, usizichemshe kama spageti, zitakuwa uji. Ziloweke kwenye maji ya kawaida nusu saa. Chukua moja, izungushe kwenye kidole: ikizunguka bila kukatika lakini ukiing'ata unasikia kiini kigumu kidogo katikati, imefika. Tumbukiza zote kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, chuja, na hizi suuza kwa maji baridi haraka kuondoa wanga. Zile za pakiti zinazoiva kwa dakika mbili nazo zinafaa, ila kile kipakiti cha viungo kiweke kando, maana ni chumvi juu ya chumvi.

Juu weka tango, majani ya vitunguu, kotmiri ukipenda, karanga zilizopondwa, na kamua ndimu mbichi mwisho kabisa. Harufu ya ndimu iko kwenye mvuke wake. Ukiipika inabaki chachu tupu. Yai la kuchemsha, kuku wa jana aliyechambuliwa, kamba waliogeuzwa kwenye kikaango, vyote vinakaribishwa.

Kuna kitu kimoja nataka ukijaribu na wanao, kwa sababu wataipenda kazi yenyewe. Yale machipukizi meupe marefu unayoyaona kwenye kila sahani ya tambi ya Thailandi ni choroko. Choroko hizi hizi za mchuzi. Loweka nusu kikombe usiku kucha, mwaga maji, ziweke kwenye chujio, zifunike kwa kitambaa chenye unyevu na uziweke gizani. Suuza asubuhi na jioni. Siku ya kwanza zinapasuka, ya pili zinatoa mkia, ya tatu au ya nne mkia una urefu wa kidole cha mtoto. Kwa watoto usiwape mabichi, maana joto na unyevu unaoyaotesha unakuza na vijidudu pia. Yapitishe kwenye maji yanayochemka pamoja na kabichi. Yakinuka vibaya au yakiteleza, tupa.

Sasa karanga zenyewe, na hapa sina utani hata kidogo. Pinati bata ya kutengeneza nyumbani ni tamu kuliko ya kopo na ni rahisi: kaanga karanga kwa moto mdogo dakika kumi mpaka kumi na tano ukigeuza, menya kwa viganja, pepeta maganda, saga kwenye blenda ukisimama kila mara kukwangua pembeni. Mwanzo zitakuwa unga, kisha bonge, kisha mafuta yatatoka yenyewe na zitalegea. Usitie maji. Kwenye kinu inawezekana pia, ni jasho tu. Lakini kabla ya yote hayo, zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga na uzichambue moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au la kijivu, zilizotobolewa na wadudu, zote nje. Ninaongelea sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na kuvu wa kwenye karanga na mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Wanasayansi waliifikia baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Kwetu imeua watu kupitia mahindi: mashariki mwa Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125, na mwaka 2016 iliingia Dodoma na Manyara. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi, ini lake ndilo linalolipa. Kukaanga hakuiondoi yote, na ikishasagwa huwezi kuiona wala kuionja vizuri. Ndiyo maana sinunui karanga zilizokwisha kusagwa kutoka kwa mtu nisiyemjua, hata zikiwa nusu bei. Nanunua nzima, nachambua. Ukila moja ikawa chungu, iteme, usiimeze kwa heshima.

Na kabla ya kumpa mtoto wa jirani, uliza. Wako watu ambao karanga chache tu zinawavimbisha midomo na kuwabana pumzi, na hilo ni jambo la kukimbilia hospitali mara moja. Wanao kama wamezoea kula karanga bila shida, hawana neno.

Ukipata Jumamosi tulivu na nazi moja, jaribu lile rojo la sate lenyewe. Ponda pilipili nyekundu kavu zilizolowekwa, kitunguu saumu, kitunguu maji kidogo, tangawizi na sehemu nyeupe ya mchaichai, ule ule wa chai. Bandika tui zito la kwanza peke yake, liache lichemke taratibu mpaka mafuta yajitenge, kisha kaanga viungo humo. Umezoea kuogopa tui likikatika. Hapa unalikata kwa makusudi, ndiyo mafuta yako ya kukaangia. Viungo vikinukia, mimina tui jepesi, tia karanga ulizoponda za chengachenga, sukari guru na ukwaju, upunguze moto na ukoroge dakika kumi. Utaniuliza mbona hili linakaa jikoni na lile halikai. Hapa maji ni mengi tangu mwanzo na karanga hazijasagwa laini, kwa hiyo zinaiva ndani ya mchuzi kama mchicha wa karanga unavyoiva. Mafuta mekundu yakielea juu yake ni sawa, ndivyo linavyotakiwa.

Kwa siku za kazi, tengeneza rojo la kwanza maradufu, uweke nusu kwenye chupa yenye mfuniko kwenye friji, siku nne bila wasiwasi. Litakaza likipoa, usishtuke na usilibandike jikoni. Vijiko viwili vya maji ya moto na uma, litarudi. Usihifadhi tambi zilizokwisha kuchanganywa kama unaweza kuepuka, zitakunywa kila kitu usiku. Zikibaki, asubuhi zilegeze kwa maji ya moto kidogo na ukamulie ndimu mpya, zitafaa kwenye kopo la chakula la kazini.